Mzee Zawose na Albamu ya Uzeeni

Wasanii wengi tunaowapigia kelele kule bwenini walitoa kazi yao bora wakiwa na miaka ishirini na kitu. Baada ya hapo ni kuishi kwa jina: shoo mbili tatu, tangazo la kampuni ya simu, mahojiano ya redioni ambamo wanaulizwa maswali yale yale. Hukwe Ubi Zawose hakwenda hivyo. Mwaka 2002, albamu yake iitwayo Assembly ilipotoka Uingereza, mzee huyu wa Kigogo alikuwa ameshapita miaka sitini, ana wajukuu, ana wanafunzi waliokwisha kuwa walimu, na alikuwa amebakiza muda mfupi tu wa kuishi. Na kazi ile haina harufu ya mtu anayeaga. Ni kazi ya mtu anayejaribu kitu kipya.

Mimi nilizaliwa 2003, mwaka uleule aliofariki, tena mbali na kwao, huku Sumbawanga. Sina kumbukumbu yake yoyote ya macho. Ninachokijua nimekipata kwa masikio na kwa kusoma, na ninaandika kama Mfipa anayemsikiliza Mgogo, jambo ambalo lina raha yake. Kigogo nasikia neno moja moja tu. Lakini ndugu msomaji, mangapi tunayoyaimba kwa sauti kubwa kwenye daladala ambayo hatujui maana yake?

Alizaliwa mnamo 1938 hivi katika kijiji cha Doboma, Dodoma. Aliyewahi kupita Dodoma mwezi wa Septemba anajua nchi ile ikoje: vumbi jekundu, mibuyu isiyo na jani, ng'ombe wanaotembea kilomita nyingi kutafuta maji. Wagogo ni wafugaji na wakulima wa uwele na mtama, na historia yao imejaa njaa. Wazee wao huhesabu miaka kwa majina ya njaa hizo, na ile ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliyoiita Mtunya, iliacha vijiji vitupu. Kwetu Ufipa mambo ni kinyume. Tuko kwenye uwanda wa juu, mji wa Sumbawanga uko kama mita 1800 kutoka usawa wa bahari, mvua inakuja kwa wakati wake, maharage na mahindi yanajaa maghalani, na shida yetu kubwa kuanzia Juni ni baridi ya upepo ule unaopita hata kwenye sweta mbili. Nasema haya kwa sababu muziki wa Kigogo umekulia kwenye ukame. Wana nyimbo za kuomba mvua, nyimbo za jando, nyimbo za kuchunga, na nyingi zimejengwa kwa sauti nyingi zinazopandana, huyu juu, yule chini, bila mtu kuwaandikia nota. Wataalamu wa muziki kutoka Ulaya wamekwenda Ugogo kusoma jinsi sauti zile zinavyokaa pamoja, wakarudi na vitabu.

Hukwe alikuwa mtoto wa kuchunga. Baba yake alipiga muziki, na mtoto akajifunza kwake jinsi watoto wengi wa kijijini wanavyojifunza chochote: kwa kukaa karibu na kuangalia vidole. Shule ya darasani hakuipata kwa maana tunayoijua sisi wenye vyeti. Mimi ninayesomea ualimu hapo huwa nasimama kidogo. Tunafundishwa nadharia za ujifunzaji kwa majina ya Wazungu mpaka kichwa kinauma, na hapa kuna mtu aliyefundishwa machungani akaja kufundisha chuoni.

Chombo chake kikuu kilikuwa ilimba. Nikieleze vizuri, maana wenzangu wengi wakisikia ilimba wanafikiria kile kimalimba kidogo cha kuuzia watalii. Ilimba ya Kigogo ni sanduku la mbao, na juu yake zimepangwa ndimi za chuma, nyingine ndefu na nyingine fupi, ambazo zamani zilifuliwa kwa misumari au chuma chochote kilichopatikana. Mpigaji anazibonyeza kwa vidole gumba. Mbele ya sanduku kuna tundu, na tundu lile linafunikwa kwa utando mwembamba anaoutengeneza buibui kufunikia mayai yake. Ukipiga ulimi, utando unatetemeka, na sauti inatoka na mvumo kama nyuki ndani ya mzinga. Fundi wa sauti aliyezoea studio za kisasa angedhani spika imepasuka. Kumbe ndio utamu wenyewe.

Jambo la pili ni jinsi inavyotiwa sauti. Ukipuliza pembe au ukivuta uzi wa upinde, ndani ya sauti moja kuna sauti nyingine ndogondogo zilizojificha, zinapanda ngazi kwa mpangilio wa maumbile. Wagogo wamejenga muziki wao juu ya ngazi hiyo. Ndiyo maana ukichukua kinanda cha kanisani ukajaribu kumfuatisha Zawose, kuna noti moja itakukataa kabisa. Ipo katikati ya vitufe viwili. Nimejaribu kwa kinanda cha kwaya yetu na nimeona kwa masikio yangu kwamba haikai.

Pamoja na ilimba alipiga izeze, zeze la Kigogo linalokwaruzwa kwa upinde, akavaa njuga miguuni, akapuliza filimbi, na juu ya yote akaimba. Sauti yake ilishuka chini kama ya ngurumo ya mbali, halafu ghafla inaruka juu, nyembamba, hadi msikilizaji anatafuta nani mwingine ameingia. Hakuna mwingine, ni yeye yuleyule.

Sasa, angeweza kubaki Doboma akapiga kwenye arusi na jando mpaka mwisho, kama walivyofanya mafundi wengi ambao leo hatuna hata majina yao. Kilichombadilishia njia ni siasa. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alilalamika kwamba ukoloni ulikuwa umetufanya tuzionee haya ngoma zetu, tukajivunia kucheza dansi za Kizungu, na akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma. Wakatafutwa wapigaji kutoka mikoani. Katika miaka hiyo ya 60 Mwalimu alimsikia Zawose, akampenda, akamwita Dar es Salaam. Kijana wa machungani akawa mtumishi wa taifa, kazi yake kupiga ilimba.

Hapa nina maoni yangu. Mpango ule wa taifa ulikuwa na ubaya wake. Ngoma ya usiku kucha ilikatwa ikawa dakika saba za kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Ngoma ya jando, ambayo ina wakati wake na watu wake, ikawa inachezwa saa nne asubuhi mbele ya mabalozi. Tunalijua hilo hata Rukwa: kikundi cha nsimba kinaitwa kwenye sherehe, kinasubiri juani tangu asubuhi, kinacheza kidogo, mtoa hotuba anashika kipaza sauti, wachezaji wanapewa soda. Lakini bila mpango ule Zawose asingetoka. Mambo yote mawili ni kweli na mimi sioni haja ya kuchagua moja.

Kikundi cha taifa kilipovunjwa, mahali pake paliingia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza 1981 na ambacho tangu 2007 kinajulikana kama TaSUBa. Zawose akahamia Bagamoyo na ndugu zake, na Mgogo wa nchi kavu akajenga maisha yake kando ya Bahari ya Hindi, mahali ambapo majirani ni wavuvi na minazi. Akafundisha pale. Watoto, wapwa, wajukuu wakakua wanapiga. Ukoo ule ukawa kama chuo ndani ya chuo. Wenzake wa kwanza katika safari za nje walikuwa kina Lubeleje Chiute, na mwaka 1985 ilitoka Uingereza albamu yao iitwayo Tanzania Yetu. Wazungu wakaanza kuuliza huyu mwenye sauti mbili ni nani.

Miaka ya kati naipitia haraka: safari za Ulaya, safari za Japani, matamasha, kurudi Bagamoyo, kufundisha, kusafiri tena. Uzito uko mbele.

Mwanamuziki Peter Gabriel wa Uingereza, aliyekuwa mmoja wa walioanzisha tamasha la WOMAD, alianzisha mwaka 1989 kampuni ya kurekodi iitwayo Real World, yenye studio katika kinu cha zamani cha maji kwenye kijiji cha Box. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotoa kazi mbili za Remmy Ongala, ile ya 1989 na ile ya 1992 iitwayo Mambo, kwa hiyo Tanzania haikuwa ngeni pale. Mwaka 1996 wakatoa Chibite ya Hukwe Zawose. Neno hilo kwa Kigogo ni twende. Albamu ile ni safi kama maji ya mtungini: ilimba, zeze, filimbi, sauti, basi. Hakuna kilichoongezwa. Ukitaka kumjua, anzia hapo, na utumie spika za masikioni, maana spika ya simu inaua ule mvumo wa buibui.

Ingekuwa mtu mwingine, angetoa Chibite ya pili, na ya tatu, wateja walikuwepo. Badala yake akakaa na Michael Brook.

Brook ni Mkanada, mpiga gitaa na mtayarishaji. Alibuni gitaa ambalo noti yake haikatiki. Ukibonyeza uzi, sauti inaendelea tu mpaka utakapoamua mwenyewe. Mpiga gitaa wa U2 alilitumia gitaa la namna hiyo kwenye wimbo wao mmoja maarufu wa 1987. Brook alikuwa pia amefanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan, bingwa wa kawali kutoka Pakistan, kwa hiyo kukaa na mzee mwenye sauti kubwa kuliko studio hakukuwa jambo geni kwake. Wakatengeneza Assembly, na Charles Zawose, kijana wa ukoo ambaye alikuwa mkono wa kulia wa mzee katika miaka hiyo ya mwisho, naye akiwa ndani.

Nimeisikiliza albamu hii mara nyingi kuliko nilivyosoma baadhi ya moduli, na bumu langu lililoishia kwenye vifurushi ni ushahidi. Kinachotokea mle ni hiki. Ilimba inaanza kuzunguka, maneno machache, mvumo uleule. Chini yake linaingia gitaa la Brook, refu, halina haraka, kama ukungu unaopanda asubuhi kutoka bonde la Ziwa Rukwa. Zinafuata midundo ya mashine. Halafu sauti ya mzee inakuja juu ya vyote. Brook alikuwa na akili ya kutoleta vinanda vyenye kodi za kanisani, ambazo zingegombana na ile noti iliyo katikati ya vitufe. Gitaa lisilokatika linaweza kuteleza likaikuta noti popote ilipo. Nadhani hapo ndipo siri ya albamu ilipo, na ndiyo maana haisikiki kama mchanganyiko wa kulazimisha, ule wa kuchukua ngoma ya kijijini ukaibandika mdundo wa klabu.

Si kila sehemu inanipendeza. Kuna mahali mashine zinatawala na mzee anakuwa kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni kwake mwenyewe. Mahali pengine Brook anajiondoa karibu kabisa, na hapo albamu inafika juu. Walioisifu waliisifu kwa ujasiri wake, na wapo waliolalamika kwamba asili imechafuliwa. Hoja hiyo ya pili ndiyo ninayotaka kubishana nayo.

Asili ipi? Ilimba aliyoikuta Zawose kwa baba yake haikuwa ile aliyofia nayo. Alikuwa fundi wa kutengeneza vyombo vyake, na katika maisha yake aliongeza ndimi kwenye ilimba na nyuzi kwenye zeze, akatengeneza vyombo vikubwa ambavyo babu zake wasingevitambua mara moja. Hakuna aliyemlalamikia alipofanya hivyo kwa nyundo na shoka chini ya mwembe Bagamoyo. Malalamiko yalianza umeme ulipoingia. Yaani Mwafrika akibadilisha kitu kwa mikono yake ni asili, akikibadilisha kwa waya ni uchafuzi. Sikubali. Mzee aliingia kwenye Assembly akiwa na zaidi ya miaka arobaini ya kujua anachofanya, na kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuamua ilimba ivae nguo gani, ni yeye.

Mwaka jana nilipangiwa mazoezi ya kufundisha, ile TP yetu ya kila mwaka, katika shule moja ya kata nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, upande wa barabara ya kwenda Matai. Nilipewa Kiswahili Kidato cha Pili. Siku ya fasihi simulizi nikaenda na simu na kispika kidogo cha kuchaji, kwa kuwa darasa halikuwa na umeme. Upepo wa Julai ulikuwa unapiga mabati na watoto wamejikunja ndani ya masweta. Nikawapigia Chibite kwanza. Wakacheka. Sauti ile nyembamba ya mzee iliwachekesha mno, na kijana mmoja wa nyuma akaiiga vizuri kiasi kwamba hata mimi nilicheka. Halafu nikawapigia Assembly, na hakuna aliyecheka. Walitulia. Kuna waliokuwa wanatikisa kichwa kwa mdundo, mmoja akaniuliza kama huyo ni msanii wa sasa hivi.

Niliwaambia alishafariki kabla hawajazaliwa, tena hata mimi nilikuwa mtoto mchanga. Nikawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja aende kwa babu au bibi, alete wimbo mmoja wa Kifipa na aeleze unaimbwa wakati gani.

Kati ya wanafunzi zaidi ya hamsini, walioleta wimbo wa kazi au wa sherehe ya kimila walikuwa wanne. Wengi walileta nyimbo za kanisani zilizotafsiriwa kwa Kifipa, jambo ambalo si la kushangaza, Ufipa ni nchi ya mapadri tangu enzi za Wamisionari wa Afrika. Wengine walileta bongofleva iliyotiwa maneno ya Kifipa, na kusema ukweli moja ilikuwa kali. Binti mmoja alileta rekodi kwenye simu ya mama yake: bibi anaimba wimbo wa kusaga ulezi, kama sekunde arobaini, nusu yake ni upepo na kuku. Bibi anasimama katikati, anasahau, anacheka, rekodi inakatika. Ninayo kwenye simu yangu.

Nataja hili kwa sababu ya chuma. Ufipa ilikuwa nchi ya wafua chuma. Ukienda vijijini bado yapo mabaki ya matanuri marefu ya udongo, malungu, yaliyozidi kimo cha mtu, ambamo wazee waliyeyusha mawe ya chuma kupata majembe. Kazi ile ilikuwa na matambiko yake na nyimbo zake. Majembe ya Ulaya yalipokuja kwa bei nafuu, matanuri yakazimika. Udongo umesimama hadi leo, watalii wachache wanapiga picha. Nyimbo za kuyeyushia chuma huwezi kuzipiga picha. Wagogo nao walitegemea chuma, kipande kidogo tu cha msumari, wakakifanya ulimi wa ilimba. Tofauti ni kwamba wao walimpata mtu mmoja aliyetoka na ulimi ule akaufikisha mbele ya kipaza sauti wakati bado yuko hai na bado ana nguvu. Sisi fundi wetu wa namna hiyo alikuwepo, sina shaka, maana hakuna kabila lisilo na mtu wa hivyo. Alipiga, watu wakacheza, wakanywa kimpumu kwa mirija, asubuhi wakaenda shambani kufukia majani kwenye matuta, na jina lake halikuandikwa popote.

Turudi kwa mzee. Mwishoni mwa 2002 Peter Gabriel alianza ziara kubwa ya dunia iliyoitwa Growing Up, na huko Amerika Kaskazini waliofungua jukwaa walikuwa Hukwe na Charles Zawose. Hebu piga picha: kumbi za michezo zenye maelfu ya watu waliolipa kumwona nyota wa roki, taa zinazimwa, na wanaotoka ni Wagogo wawili wenye njuga miguuni. Katika ziara ile walirudi pia jukwaani kupiga pamoja na Gabriel mwenyewe. Umri wa mzee ulikuwa umeshapita ule ambao watumishi wa serikali yetu hustaafu.

Alifariki 30 Desemba 2003, siku moja kabla ya mwaka kwisha. Mwaka uliofuata, 2004, akafariki na Charles, kijana ambaye wengi walimwona kama mrithi. Katika muda mfupi ukoo ulipoteza mti na tawi lake kubwa, na ungeweza kunyamaza kabisa.

Haukunyamaza. Mwanawe Msafiri aliendelea, na mwaka 2017 akatoa albamu iitwayo Uhamiaji, ambayo ina umeme mwingi kuliko hata Assembly. Ukiisikiliza unaona kabisa mlango ule uliofunguliwa 2002 haukufungwa. Wale waliolalamikia uchafuzi wamepata kijana wa ukoo wenyewe anayetumia mashine.

Lakini kinachonikaa moyoni zaidi ni wanawake. Katika desturi ya Kigogo wanawake wana ngoma yao, muheme, ngoma zenye kiuno chembamba wanazobana kati ya mapaja na kuzipiga kwa nguvu ya ajabu. Ilimba na zeze vilikuwa vya wanaume. Hata katika nyumba ya Zawose, nyumba iliyozunguka dunia, mabinti walikaa nyuma kwa miaka mingi: wanaitikia, wanacheza, wanapiga ngoma, na mbele anasimama mwanamume. Mzee aliyekubali gitaa la Mkanada liguse ilimba yake aliishi ndani ya desturi hiyo, na sioni sababu ya kumficha hapo kwa kuwa nampenda.

Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walikuwa miongoni mwa hao wa nyuma. Juni 2024 wametoa albamu yao kupitia Real World, kampuni ileile, kwa jina la The Zawose Queens. Inaitwa Maisha. Nyimbo wametunga wenyewe, sauti za mbele ni zao, muheme upo, na ilimba wanaipiga wao. Kuna mashine kidogo humo ndani, zimekaa mbali, mtu asiyesikiliza kwa makini hatazigundua. Nimewatumia wale wanafunzi wa Kidato cha Pili kupitia mwalimu wao wa darasa, na nimeambiwa yule binti wa wimbo wa ulezi ameomba arudiwe kupigiwa mara tatu.